Mikono ya Mzazi Nayo Inadai Arobaini Yake

Mtazame mama anavyomwinua mtoto wa miezi miwili kutoka kitandani. Anainama, anapitisha viganja vyote viwili chini ya makwapa ya mtoto. Vidole vinne vinakwenda mgongoni, kidole gumba kinabaki mbele, kifuani, kimetanuka hadi mwisho wake. Kisha anapandisha. Hapo kifundo cha mkono kinapinda kuelekea kidole cha mwisho, gumba linavutwa upande wa pili, na uzito wote wa mtoto unaning'inia kwenye kano mbili nyembamba zinazopita ubavuni mwa mkono, juu kidogo ya shina la gumba. Mara ya kwanza hakuna kinachouma. Huenda hata mara ya mia hakiumi kitu. Ila mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na kila anaponyonya huinuliwa kisha hulazwa. Hapo hajaogeshwa, hajabadilishwa nepi, wala hajabembelezwa usiku wa manane.

Wiki kadhaa baadaye mama anashtuka kwamba hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Kuzungusha ufunguo mlangoni kunamtoa machozi. Mara nyingi huo ndio wakati aliopanga kuanza mazoezi, maana tumbo halijarudi, mgongo unauma na nguo za kazini hazifungi. Anatandika mkeka sebuleni, anaweka simu mbele yake, anafuata video ya mwalimu anayehesabu kwa sauti ya furaha. Anapoweka viganja sakafuni ili apige pushapu, maumivu yanampiga kutoka kwenye gumba hadi katikati ya mkono. Anakunja mkeka na kusema mazoezi yamemuumiza. Kumbe jeraha lilikuwa likijengeka siku zote hizo kitandani, kwenye beseni na jikoni, na sakafu imelifichua tu.

Maumivu hayo yana jina. Madaktari huyaita ugonjwa wa de Quervain, kwa kumkumbuka Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeandika habari za wagonjwa watano mwaka 1895.  Lakini hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa huu. Toleo la mwaka 1893 la kitabu maarufu cha anatomia cha Gray lilikwisha kuueleza kuwa mteguko wa wanawake wafua nguo. Kabla haujawa ugonjwa wa hospitali, ulikuwa ugonjwa wa beseni la nguo, na kwa wanawake wengi wa Afrika Mashariki haujaondoka kwenye beseni hilo.

Kinachotokea ndani si kigumu kukielewa. Kano moja hulitanua gumba, ya pili hulinyoosha. Zikifika kwenye kifundo hupita pamoja katika njia nyembamba, chini ya utepe mgumu unaozishikilia zisiachane na mfupa. Zikivutwa na kusuguliwa bila kupumzika, utando unaozizunguka huvimba, utepe nao hunenepa. Kano hukwama kama kamba ya kaptula yenye fundo ndani ya upindo: ukivuta, inauma, ukivuta kwa nguvu, inauma zaidi. Mabadiliko ya homoni na maji mwilini wakati wa ujauzito na kunyonyesha huongeza uwezekano wa kuvimba huko. Ndiyo sababu mwanamke aliyesonga ugali miaka 15 bila tatizo anaweza kuumia mara tu anapojifungua, na baba anayembeba mtoto yuleyule asihisi chochote.

Kuna jaribio la nyumbani, nalo linatokana na kazi za madaktari wa miaka ya 1920 na 1930. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, kifunike kwa vidole vingine vinne, kisha inamisha ngumi taratibu upande wa kidole cha mwisho. Mkono usio na tatizo unaweza kuhisi kuvutika kidogo. Mkono wenye ugonjwa huu hutoa maumivu makali papo hapo, penye kifupa kinachojitokeza upande wa gumba. Pima na mkono wa pili ulinganishe, wala usirudierudie kwa kujipima nguvu. Jaribio hili halitoshi kuwa hukumu, bali humpa mama neno la kumwambia mhudumu wa afya zaidi ya "mkono unauma".

Sio kila mkono unaouma baada ya uzazi una tatizo hilo. Wapo wanaoamka usiku wakiwa na ganzi na kuchomwachomwa kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, wakaikung'uta mikono pembeni mwa kitanda ili ganzi iachie. Hapo anayeumia ni mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo, upande wa kiganja, ukibanwa na uvimbe ndani ya njia yake. Hali hii huanza zaidi katika miezi ya mwisho ya ujauzito, na kwa wengi hupungua wiki chache baada ya kujifungua. Kwa baadhi huendelea kipindi chote cha kunyonyesha. Dawa yake ya mwanzo ni nafuu: banzi linaloshikilia kifundo kikiwa kimenyooka, livaliwe usiku, kwa kuwa wengi wetu hulala tumekunja mikono bila kujua. Kuyatofautisha maradhi haya mawili kunafaa kwa sababu banzi la ugonjwa wa kano lazima lilishike na gumba, vinginevyo mgonjwa amevaa pambo.

Sasa turudi sakafuni, kwenye pushapu. Wataalamu wa michezo wamewahi kupima uzito unaobebwa na mikono kwa mitindo tofauti. Pushapu ya kawaida huweka mikononi takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Kwa mama wa kilo 70 hizo ni kilo 45 hivi. Akipiga magoti hushuka hadi asilimia 49, yaani kilo 34. Walimu wengi wa mazoezi huishia hapo na kumwambia mzazi kwamba ya magoti ndiyo yake. Lakini akiweka mikono juu ya kitu kilichoinuka sentimita 60, kama benchi imara, mzigo hushuka hadi asilimia 41, kilo 29 hivi, tena mwili wake ukiwa umenyooka kama unavyotakiwa. Akisimama na kusukuma ukuta, mzigo hupungua zaidi. Kwa mkono unaouma, basi, ukuta na benchi vinashinda magoti, ingawa magoti ndiyo yanayosifiwa zaidi kwenye video.

Uzito ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni pembe. Kiganja kikilala sakafuni na mkono ukisimama wima juu yake, kifundo hukunjika karibu nyuzi 90, mwisho kabisa wa uwezo wake. Mama anayetaka kuendelea na mazoezi ya kifua anaweza kufunga ngumi na kuegemea vifundo vya vidole juu ya mkeka laini, kifundo cha mkono kikabaki kimenyooka. Anaweza kushika ukingo wa meza nzito isiyoteleza. Anaweza pia kuegemea mikono ya mbele, kuanzia kiwiko, badala ya viganja, ingawa mtindo huo hulitaka tumbo kazi kubwa na haufai kabla misuli ya tumbo na mshono, kwa waliopasuliwa, havijaangaliwa na mtaalamu. Kuruka kamba ni bora kuachwa kwa muda, kwa sababu kifundo huzungushwa bila kupumzika. Vyuma navyo vina hila yake: ukikibana sana chuma cha kilo mbili, gumba hufanya kazi ileile inayolitesa. Begi la mgongoni lenye mchele au vitabu humpa mama uzito wa kuchuchumaa nao bila kushika chochote.

Yapo mengi yasiyohitaji kiganja hata kidogo. Kuinua nyonga ukiwa umelala chali, kuchuchumaa na kusimama, kupanda ngazi, kukaza misuli ya nyonga, kutembea kwa kasi. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linawataka wanawake waliojifungua, wasio na kizuizi cha kitabibu, wafikie angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, wakianza kidogokidogo. Dakika zote hizo zinaweza kutimia bila kugusa sakafu kwa mkono. Mwanariadha Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, mwaka uliofuata akachukua medali ya fedha ya mita 1,500 katika mashindano ya dunia ya Doha, na mwaka 2021 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki mjini Tokyo. Hakuna anayemtaka mzazi wa kawaida akimbie kama bingwa wa Kenya. Inafaa tu kukumbuka kwamba miguu, mapafu na moyo vinaweza kurejea kazini wakati kifundo cha mkono bado kinauguzwa.

Ila mazoezi hayo yote hayatafaa kitu iwapo mkono unaopumzishwa dakika 30 asubuhi unachapwa kazi saa zilizobaki. Hapa ndipo ushauri mwingi unapokosea njia. Mama anaambiwa "pumzisha mkono", anaitikia, anarudi nyumbani kwenye karai lenye nepi za kitambaa zilizolowekwa tangu jana.

Mtazame akikamua. Mkono mmoja unazungusha kwenda mbele, wa pili kurudi nyuma, magumba yote mawili yameuma kitambaa, maji yakitoka kwa nguvu ya vifundo. Ni harakati ileile iliyowaumiza wafua nguo wa karne ya 19. Kusonga ugali nako: mwiko umebanwa kiganjani, sima imekaza, na kifundo kinapelekwa kulia na kushoto dhidi ya uzito huo mpaka ugali uive. Kukuna nazi kwenye mbuzi, kifuu kikigandamizwa na kugeuzwa. Kukanda unga wa chapati. Kuinua ndoo ya lita 20 kwa mshikio mwembamba wa chuma. Hakuna fiziotherapia duniani inayoshindana na ratiba hiyo ikaishinda.

Mila zetu zilijua kwamba mzazi anahitaji kupumzishwa. Pwani, mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hupikiwa uji wenye pilipili manga, na wanawake wa familia hushika nyumba hadi arobaini itimie. Uchagani huletewa mtori. Kwa desturi hizo tumbo, mgongo na maziwa vilipata ulinzi. Mikono nayo ilipumzika kwa sababu kulikuwa na mikono mingine uani. Mjini leo uani hakuna mtu. Mama mzaa chema anakaa wiki mbili kisha anarudi Tanga au Kisumu, dada wa kazi hayupo au ni mtoto wa watu anayehitaji kuelekezwa, na likizo ya uzazi ya siku 84 kwa sheria ya Tanzania, au miezi mitatu kwa ya Kenya, inakatika mtoto akiwa anazidi kuwa mzito. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikia mara mbili ya uzito huo karibu na mwezi wa tano. Mzigo unaongezeka huku wasaidizi wakipungua.

Kwa hiyo agizo la kupumzisha mkono ni la nyumba nzima. Baba wa mtoto anaweza kukamua nguo, na hakuna anachohitaji kujifunza. Anaweza kusonga ugali, kubeba ndoo, kumnyanyua mtoto kitandani na kumkabidhi mama aliyekwisha kukaa. Kama hakuna mtu mwingine, nguo zining'inizwe zikivuja maji, jua litamaliza kazi. Ndoo ijazwe nusu. Wiki sita za namna hiyo zinaweza kuufaa mkono kuliko chupa nzima ya mafuta ya kuchua. Na kuhusu kuchua kwenyewe, wakandaji wenye nia njema hulivuta gumba na kusugua kwa nguvu pale panapouma, jambo ambalo kwa kano iliyovimba huongeza msuguano. Kitambaa chenye barafu dakika 10 hadi 15, kisigusane na ngozi moja kwa moja, hutuliza zaidi katika siku za mwanzo.

Namna ya kumshika mtoto nayo hubadilishika. Badala ya kumnyanyua kwa makwapa, mkono mmoja uteleze chini ya makalio na wa pili chini ya mabega na shingo, viganja vikitazama juu, gumba likilala pamoja na vidole vingine. Mtoto aletwe kifuani kwanza, ndipo mama asimame. Wakati wa kunyonyesha, mto au kanga zilizokunjwa zibebe uzito, kichwa cha mtoto kilale kwenye mkono wa mbele, kifundo kisipinde kama ndoano. Simu isishikwe kwa mkono uleule huku gumba likipandisha na kushusha picha kwa nusu saa, maana hiyo nayo ni kazi kwa kano zilezile. Mbeleko ina sifa zake hapa: ikifungwa vizuri, uzito wa mtoto huenda mgongoni na kiunoni, mikono ikawa huru. Kukaza lile fundo ndiko kunakouma, na hapo ni halali kabisa kumwita jirani.

Kwa Waislamu kuna jambo ambalo ni nadra kutajwa kliniki. Mama anaporejea kuswali baada ya nifasi (damu ya uzazi), kila sujudu humtaka aweke viganja chini, na wengi huinuka kwa kuvisukuma. Kuinuka kwa nguvu ya mapaja, au kuegemea ngumi, hupunguza maumivu. Maumivu yakizidi, dini imekwisha kumpa mgonjwa ruhusa ya kuswali kwa namna anayoiweza.

Ikiwa wiki kadhaa za kupunguza kazi na kuvaa banzi hazijaleta nafuu, hospitali ina zaidi ya kutoa. Dawa kama ibuprofeni huingia kwa kiasi kidogo mno kwenye maziwa, hivyo huruhusiwa kwa anayenyonyesha, isipokuwa mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au shinikizo la damu anapaswa kuuliza kwanza. Sindano ya steroidi kwenye njia ya kano ndiyo yenye matokeo mazuri zaidi miongoni mwa tiba zisizo za upasuaji. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2002 uliowahusisha wajawazito na wanaonyonyesha ulionyesha waliochomwa sindano wakipona maumivu, huku waliopewa banzi peke yake wakiendelea kuteseka hadi walipomaliza kunyonyesha. Mgonjwa mwenye ngozi nyeusi aelezwe mapema kwamba sindano hiyo inaweza kuacha baka jeupe mahali ilipoingia, baka linaloweza kudumu miezi mingi. Si la hatari, lakini kulikuta bila kuambiwa ni kuonewa.

Mama asiambiwe aache kunyonyesha ili mkono upone. Kunyonyesha kuna faida zilizo wazi kwa mtoto na kwake, na tiba zipo. Wachache ambao mkono umekataa kabisa hufanyiwa upasuaji mdogo kwa ganzi ya mahali, utepe ule ukafunguliwa, nao hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Zipo dalili ambazo hazingoji. Mikono na uso kuvimba ghafla pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, ndani ya wiki sita za kujifungua, ni dharura ya shinikizo la damu, wala si suala la mazoezi. Kifundo chekundu, cha moto, chenye homa, ni cha hospitali leo. Viungo vingi vya mikono yote miwili vinavyokakamaa kila asubuhi kwa muda mrefu vinahitaji vipimo, kwa kuwa baridi yabisi hupenda kujitokeza katika mwaka wa kwanza baada ya uzazi. Na aliyeanguka akajishikiza kwa kiganja apigwe picha.

Maumivu yakishatulia, mkono hurudishwa kazini kwa hatua. Kwanza kusukuma gumba dhidi ya mkono wa pili bila kulisogeza, sekunde chache chache. Kisha kushusha taratibu chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo hivi, mkono wa mbele ukiwa umelala mezani. Halafu ukuta, meza, benchi, na mwisho sakafu. Kipimo ni siku inayofuata: maumivu yakiwa yamerudi kama yalivyokuwa kabla ya mazoezi ndani ya saa 24, hatua hiyo inabebeka, yakizidi, mama arudi hatua moja nyuma, akae hapo wiki nzima. Wanaoruka hatua kwa sababu rafiki yao alianza pushapu mwezi wa tatu hujikuta kwenye banzi mwezi wa nne.

Fiziotherapia imekuwepo kwenye hospitali kubwa za kanda kwa miongo mingi. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikifundisha wataalamu wake kwa miaka mingi, na Kenya huwafundisha katika vyuo vya KMTC. Kinachokosekana ni swali. Katika mahudhurio ya kliniki ya siku ya 42 mtoto hupimwa uzito, mama huulizwa kuhusu damu, mshono, maziwa na uzazi wa mpango. Muuguzi akiongeza swali moja, "mikono je?", na mama akajibu kwa kuonyesha ni kidole gani, ni saa ngapi na ni kazi gani inayouma zaidi, tofauti ya kano na mshipa wa fahamu itaonekana palepale mezani, na rufaa ya fiziotherapia itaandikwa kabla mama hajafunga mbeleko kurudi nyumbani.